Joseph Fourier: Yatima wa fundi wa nguo aliyefichua siri ya joto

UKIPITA kwenye vibanda vya mafundi wa kompyuta mjini Migori mwendo wa saa saba mchana, jua likiwa limekaza juu ya mabati, hukosi kukuta laptopu imefunuliwa mgongo. Feni imejaa vumbi. Fundi ameinama akikwangua kitu kikavu cha kijivu juu ya prosesa. Hali ni hiyo hiyo Rongo, Oyugis, Mbita na mjini Homa Bay. Mwenye laptopu amesimama kando, roho mkononi. Ndani ya mashine hiyo kuna kazi ya chuo ambayo haijawasilishwa, au picha za harusi ya mteja, au maombi ya kazi ambayo makataa yake ni jioni ya leo.

Ugonjwa wenyewe unajulikana. Asubuhi mashine inafanya kazi vizuri. Ikifika adhuhuri inaanza kunguruma, inakuwa nzito kama punda aliyechoka, halafu inajizima yenyewe, zii! Wengi hukimbilia kulaumu virusi au stima. Kumbe mara nyingi shida ni joto lililokosa njia ya kutokea.

Fundi anayejua kazi husafisha feni, hufuta ile pesti kuukuu, kisha huweka mpya: tone dogo tu, laini kama dawa ya meno. Anarudisha skrubu, anawasha, mashine inatulia. Lakini hebu jiulize: tone dogo namna hiyo linawezaje kuokoa mashine ya maelfu ya shilingi? Na mbona ukilizidisha unaharibu tena?

Mtu aliyetupatia njia ya kujibu maswali hayo aliishi zaidi ya miaka 200 iliyopita. Hakuwahi kuona balbu ya stima, sembuse kompyuta. Aliitwa Joseph Fourier, Mfaransa, na maisha yake hayakuwa ya mtu aliyezaliwa akisubiriwa na vyeo.

Mishumaa ya usiku

Fourier alizaliwa Machi 21, 1768 katika mji wa Auxerre. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Alipofika umri wa karibu miaka 10, mama na baba wote walikuwa wameshafariki. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambako Ukimwi uliacha watoto wengi mikononi mwa nyanya zao, hakuna haja ya kueleza kwa kirefu maana ya kuanza maisha hivyo.

Bahati yake ni kwamba watu wema wa mji walimwona kuwa mtoto mwenye akili, wakamwombea nafasi katika shule ya kijeshi ya Auxerre iliyoendeshwa na watawa. Huko ndiko alikokutana na hisabati, na wakapatana. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiokota vipande vya mishumaa vilivyobaki mchana, akavificha, kisha wenzake wakilala anaviwasha na kuendelea kupiga hesabu. Aliyewahi kudurusu kwa koroboi huku macho yakiwasha moshi atamwelewa kijana huyu.

Ndoto yake ilikuwa kujiunga na kikosi cha mizinga, ambako hesabu zilihitajika sana. Akakataliwa. Alama hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ukoo. Ufaransa ya wakati huo ilitenga nafasi kama hizo kwa watoto wa makabaila, na mtoto wa fundi wa nguo hakuwa na lake pale, hata angekuwa hodari namna gani.

Mlango huo ulipofungwa, alijaribu mwingine. Mwaka wa 1787 alienda kwenye monasteri kujiandaa kuwa mtawa. Miaka miwili baadaye, Mapinduzi ya Ufaransa yakilipuka, aliondoka kabla ya kula kiapo na kurudi Auxerre kufundisha katika shule ile ile iliyomlea.

Gereza, kisha Misri

Mapinduzi yalimvutia kwa sababu yaliahidi kwamba mtu atapimwa kwa kazi yake, wala si kwa jina la babake. Alijiunga na kamati ya mapinduzi ya mji wake. Lakini siasa za siku hizo zilikuwa moto wa kifuu. Leo wewe ni mzalendo, kesho msaliti. Mnamo 1794 Fourier alikamatwa na kutupwa gerezani, wakati ambapo watu walikuwa wakikatwa vichwa kila uchao. Kilichomwokoa ni kwamba mwezi wa Julai mwaka huo kiongozi Robespierre aliangushwa, na yeye mwenyewe akakatwa kichwa. Wafungwa wengi wakaachiliwa, Fourier akiwa miongoni mwao.

Mwaka wa 1795 alikuwa Paris, akisomea ualimu chini ya mabingwa watatu wa hisabati: Lagrange, Laplace na Monge. Muda si muda akawa anafundisha, na mwaka wa 1797 alimrithi Lagrange katika nafasi yake ya ualimu. Kijana aliyekataliwa na jeshi kwa sababu ya ukoo sasa alikuwa akiwafundisha wahandisi wa jeshi.

Halafu, mwaka wa 1798, Napoleon Bonaparte akaivamia Misri na kuchukua wasomi wengi pamoja na askari. Fourier alikuwa katika msafara huo. Mnamo Agosti, jeshi la majini la Uingereza liliharibu meli za Wafaransa karibu na mdomo wa mto Nile, wakabaki wamekwama. Fourier alikuwa katibu wa taasisi ya wasomi jijini Kairo, na alikaa Misri hadi 1801. Sehemu ya maji ya mto ule hutoka katika ziwa hili hili linalopiga fukwe za Homa Bay na Muhuru, ingawa Ulaya ya wakati huo haikujua.

Waliomfahamu walisema alirudi akiwa amezoea joto la jangwani kiasi kwamba baridi ya Ufaransa ilimtesa hadi kufa kwake. Alivaa nguo juu ya nguo na kupasha vyumba vyake moto hata wageni wakatokwa na jasho.

Pete ya chuma

Mwaka wa 1802 Napoleon alimteua kuongoza mkoa wa Isère, makao yakiwa Grenoble, karibu na milima ya Alps. Kazi hiyo ungeweza kuilinganisha na ya kamishna wa kaunti kwetu. Aliifanya vizuri. Alisimamia ukaushaji wa vinamasi vya Bourgoin, jambo lililomlazimu kupatanisha vijiji vingi vyenye haki katika ardhi ile, na akashughulikia barabara ya kuvuka milima kuelekea Turin.

Mchana alikuwa mtu wa serikali. Katika saa alizoiba kazini, alikuwa na pete ya chuma. Aliipasha moto upande mmoja, akatoboa matundu na kutia vipimajoto, kisha akatazama jinsi joto linavyosafiri kuzunguka pete hadi linaposawazika.

Wasomi wa enzi hiyo walikuwa wakibishana joto ni nini hasa. Baadhi walidai ni aina ya maji yasiyoonekana, wengine wakasema ni mtikisiko wa chembe. Fourier aliweka ubishi huo kando. Yeye aliuliza swali la fundi: joto linapita wapi, na kwa kasi gani?

Jibu lake, ukiliondolea alama za hisabati, linaeleweka jikoni. Joto hutoka palipo na moto kwenda palipopoa. Tofauti ya joto ikiwa kubwa, linapita kwa wingi. Njia ikiwa pana, linapita kwa wingi. Njia ikiwa ndefu au ukuta ukiwa mnene, linapungua. Na kila kitu kina tabia yake: ndiyo maana ugali tunausonga kwa mwiko wa mbao. Jaribu kuusonga kwa kijiko cha chuma uone.

Tofauti hiyo ya tabia si ndogo. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Shikilia nambari hiyo, tutairudia.

Tena Fourier aliona jambo ambalo wengi waliliruka. Kupita kwa joto ndani ya chuma ni hesabu moja, na kutoka kwake kwenye uso wa chuma ni hesabu nyingine. Chuma kinaweza kuwa bora ajabu kwa ndani, lakini kama mlango wa kutokea ni mbovu, joto litajaa humo humo.

Miaka 15 mlangoni

Mnamo Desemba 1807 aliwasilisha kazi yake kwa wasomi wa Paris. Waamuzi walikuwa Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix. Watatu wa kwanza walikuwa walimu wake. Ungedhani mambo yamenyooka. Wapi!

Ili kukokotoa joto la pete ile, Fourier alikuwa amedai kwamba mchoro wa aina yoyote, hata wenye kona na mikatiko, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini mengi, madogo kwa makubwa. Lagrange hakukubali. Aliona hoja hiyo haijathibitishwa vya kutosha, na kazi ile haikuchapishwa.

Fourier alisahihisha, akaongeza, akangoja. Kwa tuzo ya mwaka wa 1811, taasisi ilitangaza shindano kuhusu jinsi joto linavyoenea. Akaingia, na mwanzoni mwa 1812 akapewa tuzo, lakini waamuzi waliambatanisha lawama kwamba hoja zake bado zina mapengo. Bado hawakuichapisha.

Tuwe wakweli: hawakuwa wamekosea kabisa. Kulikuwa na mapengo kweli, na wanahisabati waliomfuata walihitaji miaka mingi kuyaziba. Ila pia Fourier alikuwa sahihi kuhusu jambo lenyewe. Hesabu zake zilikubaliana na vipimajoto vyake. Angekunja mikono kwa sababu wakubwa wamesema la, tungekuwa na habari nyingine leo.

Kabla hajachapisha, siasa zilimpiga tena. Napoleon alianguka, akarudi mwaka wa 1815, akaanguka mara ya mwisho. Fourier alipoteza cheo na kujikuta Paris bila kipato cha maana, hadi rafiki akampatia kazi katika ofisi ya takwimu. Mwaka wa 1816 wasomi walimchagua kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi, lakini mfalme akakataa kwa sababu ya uhusiano wake na Napoleon. Wakamchagua tena mwaka wa 1817, na safari hii mfalme akalegeza.

Hatimaye, mwaka wa 1822, kitabu chake kuhusu nadharia ya joto kilitoka. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu alipobisha hodi mara ya kwanza. Mwaka huo huo alifanywa katibu wa kudumu wa Akademia.

Yale mawimbi yake yaliyotiliwa shaka ndiyo sasa yanatumika kubana muziki na picha ili zienee kwenye simu yako. Kwa hivyo unapocheza wimbo kwenye laptopu pale Kendu Bay, prosesa inapiga hesabu zilizotokana na Fourier, inapata joto kwa kuzipiga, na joto hilo linatoka kwa kanuni ya Fourier huyo huyo.

Ngozi, zebaki na vitu vyembamba

Sasa tunafika kwenye tone la fundi. Mwaka wa 1828, akiwa na miaka 60 na afya yake imedhoofika, Fourier alichapisha utafiti kuhusu vitu vyembamba: joto linapitaje kwenye tabaka jembamba lililowekwa kati ya vitu viwili? Alitengeneza chombo maalumu cha kupimia. Kilikuwa kikombe cha chuma chenye umbo la pia, kimejazwa zebaki, na ndani ya zebaki kipimajoto. Chini hakikuwa na kitako cha chuma. Kilizibwa kwa ngozi nyembamba.

Kwa nini ngozi? Fikiria. Chuma kigumu kikiwekwa juu ya kitu kigumu, hakigusani nacho sawasawa. Ngozi inakubali kunepa, na zebaki iliyo majimaji inaisukuma hadi ifuate kila bonde na kilima cha uso ulio chini yake. Hewa haipati pa kujificha.

Prosesa yako ina tatizo hilo hilo. Juu yake kuna kipozajoto, kile kipande cha shaba au alumini kinachobeba joto kulipeleka kwenye feni. Kwa macho, nyuso mbili hizo zinang'aa na kunyooka kama kioo. Ukizikuza kwa hadubini ni kama barabara ya murram baada ya mvua, mashimo na matuta. Zinagusana vileleni tu. Kwingine kote kuna hewa, na umeshaambiwa hewa ikoje mbele ya shaba: mara 10,000 na zaidi.

Kama unataka ushahidi wa nyumbani, kumbuka siku uliyoepua sufuria kwa kitambaa kikavu, ukawa salama, halafu siku nyingine ukatumia kitambaa kilicholowa. Uliruka! Kitambaa kikavu kina hewa kati ya nyuzi. Kilicholowa, maji yamechukua nafasi ya hewa, na joto limepata daraja hadi kwenye vidole. Pesti ya prosesa ndiyo kitambaa kilicholowa, ila hapa tunataka joto lipite.

Fourier hakubuni pesti hiyo. Alichofanya ni kutuachia hesabu inayoeleza inavyofanya kazi, na hesabu hiyo hiyo inatuambia kwa nini tone liwe dogo. Pesti inapitisha joto vizuri kuliko hewa, lakini mbele ya shaba bado ni dhaifu mno. Ukiipaka nene kama siagi kwenye mkate, umejenga ukuta mahali ulipotaka daraja.

Wazee waliojenga Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe iliyo katika Kaunti ya Migori na iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2018, wangeelewa. Hawakutumia saruji wala udongo. Mawe makubwa yalipangwa nje na ndani, na katikati mawe madogo yakaziba nafasi ili ukuta ushikane. Mawe madogo yana kazi yao, lakini hayachukui nafasi ya makubwa. Pesti nayo izibe mashimo tu, na mahali shaba inapoweza kuikaribia prosesa, iachwe iikaribie.

Ukija kufungua mashine

Kanuni ya Fourier ina neno lingine kwa watu wa ukanda wa ziwa. Joto hufuata tofauti. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100. Chumba chenye nyuzi 20 kinaipa prosesa nafasi kubwa ya kutoa joto kuliko kibanda cha mabati chenye nyuzi 34. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikivumilia kule Kisii kwenye baridi inaweza kukushinda Mbita. Ongeza vumbi la barabarani na laptopu iliyowekwa juu ya godoro, matundu ya hewa yakazibwa, na umemaliza kila kitu.

Kwa hivyo kijana unayejifunza ufundi, kwanza zima mashine kabisa na uchomoe betri. Toa vumbi kwenye feni, na uishike isizunguke ovyo unapoipuliza. Futa pesti kuukuu yote, upande wa prosesa na upande wa kipozajoto, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti kidogo, usubiri pakauke. Weka tone la ukubwa wa punje ya mchele hadi dengu kulingana na prosesa. Shusha kipozajoto wima bila kukitelezesha, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana kona, ili tone lisambae sawasawa. Dawa ya meno, hata kama umeishiwa, usijaribu. Inakauka, na tatizo linarudi upya.

Na usimtoze mteja pesa za prosesa mpya kumbe ulibadilisha pesti. Jina la fundi kwenye mji mdogo huharibika haraka kuliko mashine.

Fourier alifariki jijini Paris mnamo Mei 16, 1830, akiwa na umri wa miaka 62. Hakuwa ameoa wala hakuacha mtoto. Kabla ya hapo, mwaka wa 1824, alikuwa ameandika kuhusu jinsi hewa inavyoizuia dunia isipoteze joto lake, wazo ambalo wanasayansi wa tabianchi bado wanalijenga. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel pamoja na wasomi wengine 71 wa Ufaransa.

Mtoto wa fundi wa nguo, yatima, aliyeambiwa ukoo wake hautoshi kushika hata mizinga. Leo kila mwanafunzi wa uhandisi duniani hupitia mikononi mwake, na kila fundi anayekaza skrubu ya mwisho pale Migori, akawasha mashine na kuona nyuzi zikishuka, anafanya kazi yake, awe amewahi kulisikia jina hilo au la. Sasa wewe umelisikia.